Mgeni Baada ya Arobaini

Siku ya tatu baada ya arobaini ya mume wangu, mwanamume mwingine alikuja kuniposa. Alikuja mchana kweupe, siku ya Jumapili, kavaa suti na tai, na mzee wake pembeni. Walibisha geti kwa adabu, wakasubiri mpaka wakaribishwe. Laiti wangekuja kwa fujo, wifi yangu angewafukuza palepale, na mimi leo ningekuwa mtu mwingine.

Wifi yangu anaitwa Zuhura, dada mkubwa wa marehemu Karimu, na nyumba yake iko Rosettenville, Johannesburg. Humo ndimo nilimokuwa nakaa eda. Karimu alifariki barabarani akirudi kutoka Durban, gari la mizigo lilipinduka naye, tukamzika kesho yake. Tangu siku hiyo nilikuwa chumba kimoja, nguo nyeupe mbili za kubadilishana, bila wanja, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu yangu. Karimu sitamsema vibaya. Alinizidi miaka kumi na saba, maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, na ndiye aliyeniambia nikasome. "Usikae ndani ukaota kutu," alisema, akanipeleka chuoni mwenyewe. Nilimheshimu sana. Kama heshima ndiyo mapenzi, basi nilimpenda.

Jumanne ilikuwa siku ya mtihani wangu wa mwisho. Sheikh Burhani alikwisha kutoa ruhusa: kwa haja kama hiyo mjane anaweza kutoka mchana, ajistiri vizuri, arudi kabla ya magharibi. Wifi alinuna siku mbili, ya tatu akakubali. Nilichokuwa nakiombea ni kwamba Jumanne ifike kabla hajagundua nilichokuwa nacho tumboni.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili na nusu. Jocelyne, mwanafunzi mwenzangu, ndiye aliyekuja kunipa pole na kipimo amekificha ndani ya daftari. Nilijifungia chooni, nikaona mistari miwili, nikalia, sijui kwa furaha au kwa uchungu. Miaka mitatu ya ndoa Mungu hakutujalia. Mama mkwe kule Tanga aliomba dua zote anazozijua na za kuazima. Halafu mtoto anaingia wiki chache tu kabla baba yake hajaingia kaburini.

Mbona sikusema? Kwanza, kwetu mimba changa haitangazwi, macho ya watu yana mambo. Pili, na hii ndiyo kweli yenyewe, nilimjua Zuhura. Eda ya mwenye mimba huisha anapojifungua. Angejua tu, angenifungia ndani kama yai kwenye pamba, na mtihani ningeusikia kwa wenzangu. Nikajisemea: Jumanne nifanye mtihani, Jumatano nimwambie, tufurahi wote. Siku chache tu. Kumbe siku chache zinatosha kumzika mtu mzima.

Sasa nimseme huyo wa suti.

Chuo chetu hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la samani, Turffontein, ukifungua dirisha upepo unakuletea harufu ya farasi wa uwanja wa mbio. Tulikuwa wanafunzi ishirini na mmoja, tukijifunza kuhudumia wagonjwa na wazee: kuogesha, kulisha, kumgeuza asiyejiweza, kutandika kitanda chenye mtu juu yake. Mgonjwa wetu alikuwa mmoja, wa plastiki, mkono mmoja kakatika, tukimwita Gogo, kama watu wa huku wanavyowaita bibi zao. Mwalimu, Sista Mokoena, alitupanga wawili wawili, na mimi nikaangukia kwa Hénock.

Hénock ni Mkongo wa Bukavu. Usiku alikuwa mlinzi, asubuhi mwanafunzi, na sijui alilala saa ngapi. Alikuwa anaweza kusinzia amesimama, kalamu mkononi, uso mtulivu kama yuko ibadani. Nilikuwa namchoma ubavuni kwa ncha ya rula. "Amka, Gogo ameanguka!" Anashtuka, anamdaka Gogo kwa mikono miwili, darasa zima linaangua kicheko, na yeye anacheka kuliko wote.

Saa nne, wakati wa mapumziko, wenzetu walikuwa wanashuka kununua magwinya, yale maandazi makubwa ya huku. Mimi sikununua, sikujua yamekaangwa mafuta ya nini. Siku moja Hénock akaja na mfuko wa karatasi.

"Kula," akasema. "Nilimuuliza yule mama maswali mpaka alikasirika. Ile mafuta iko ya magwinya peke yake. Soseji anapika kwa sufuria ingine."

Tangu siku hiyo aliniletea kila asubuhi. Karimu alinipa nyumba, chakula na jina, Mungu amlipe. Lakini hakuna mtu aliyewahi kugombana na muuza maandazi kwa ajili yangu.

Na siku moja ya kumgeuza Gogo, mimi upande huu, yeye upande ule, mikono yetu chini ya shuka moja, Hénock aliinua macho. Na mimi nikainua. Sista Mokoena akapita nyuma yetu akasema, "Nyie, mgonjwa anapoa huyo." Nikayashusha macho yangu, na kwa wiki nzima sikuyapandisha tena kumtazama. Kosa langu lote ni hilo. Mwenye mizani alipime.

Nilipofiwa, alianza kuniletea masomo niliyokosa. Kila Jumamosi alifika getini, akamkabidhi Wifi makaratasi, akauliza hali ya nyumbani, akaenda zake. Wifi akamzoea mpaka akawa anamtolea chai nje. "Kijana yule ana malezi," aliniambia. "Angekuwa Mwislamu ningemtafutia mke." Mimi niko kitandani natafuna ncha ya mtandio.

Jumamosi moja Wifi alimwambia, "Alhamisi tuna arobaini ya ndugu yangu, nasi mtuombee." Hapo ndipo shetani alipopitia. Kwetu arobaini ni kisomo: watu wanasoma hitma, wanakula wali, wanamwombea marehemu, na mjane anarudi chumbani kumalizia miezi yake minne na siku kumi. Kwa kina Hénock siku ya arobaini msiba unavuliwa. Mjane anaogeshwa, anavishwa nguo mpya ya maua, na mwenye nia naye anatakiwa ajitokeze mapema na wazee wake, kuchelewa ni dharau kwa mwanamke. Hénock akahesabu siku zake. Mtu aliyemhoji muuza magwinya mpaka akakasirika, hili hakuliuliza.

Basi Jumapili hiyo Mjomba Bakiri alikuwa sebuleni anakula. Ni kaka yake mama yangu, anauza vitambaa sokoni Newtown, na hapa Johannesburg ndiye baba yangu. Alikuja kupanga safari ya Jumanne.

"Nitampitia saa moja," alikuwa anamwambia Wifi. "Namshusha mlangoni, namsubiri, namrudisha. Hata kwenye taa za robot sitasimama muda mrefu."

"Na asiongee na watu," Wifi akasema.

"Ataongea na mgonjwa wa plastiki."

Nikacheka chumbani peke yangu. Kati yangu na sebule palikuwa na pazia tu, maana mlango ulikuwa haufungi vizuri. Ndipo nikasikia hodi, na Wifi akitoka kwa bashasha: "Karibu, mwanangu! Leo Jumapili umeniletea vitabu?"

"Leo nilileta papa yangu mudogo, mama," Hénock akasema. "Papa Firmin."

Wakaingia. Chini ya pazia niliona viatu jozi mbili, vimepigwa rangi vikang'aa. Wakapewa chai. Papa Firmin, fundi cherehani, mtu wa sauti nzito, akatoa pole ya msiba, pole nzuri kabisa, mpaka Wifi akavuta kamasi. Kisha nikasikia karatasi zikifunguliwa.

"Mama, papa," akaanza, "sisi kwetu mutu haingii kwa nyumba ya batu mikono mitupu. Tulisikia siku makumi ine zilitimia. Mutu akikufa, tunalia, halafu tunainuka. Bon. Hii kitambaa ya maua na hii marashi iko ya mutoto wenu Mayasa. Tulikuja kumuvua kilio."

Kijiko cha Mjomba kilitulia ndani ya sahani.

"Sijakuelewa vizuri, mzee mwenzangu," Mjomba akasema taratibu. Alielewa. Alikuwa anawafungulia mlango watoke salama. "Labda mmeleta zawadi ya pole tu. Tumeshukuru."

Lakini Hénock akasimama. Niliona viatu vyake vikijiweka sawa.

"Mjomba, miye ninamupenda Mayasa. Niko naomba kumuoa."

"Unasema nini wewe?" Sauti ya Wifi ilitoka kama ya mtu aliyeungua. "Mwanamke yuko edani! Miezi minne na siku kumi, hata nusu hajafika! Hata Mwislamu mwenzake hathubutu kulitamka hilo neno, wewe unaliingiza ndani ya nyumba yangu na marashi juu?"

"Pardon, mama. Sikujua. Nilizani arobaini njo mwisho."

"Hakujua, Zuhura," Mjomba akadakia. "Watu wana mila zao. Kijana, chukua vitu vyako, nenda na mzee wako, tutasema haya hayakusemwa."

Yangeishia hapo. Naapa yangeishia hapo. Lakini Wifi akauliza swali moja.

"Tangu lini?"

"Nini, mama?"

"Umempenda tangu lini?"

Eish, Hénock. Mwanamume mwingine yeyote duniani angedanganya.

"Tangu mwaka jana, mama."

"Mwaka jana ndugu yangu alikuwa hai."

"Ndiyo, mama. Njo maana sikusema kitu. Niliweka kwa roho."

Pazia likafunguka kwa nguvu. Wifi aliingia chumbani na ile chupa ya marashi mkononi, macho yamemtoka. "Mwaka jana, Mayasa! Ndugu yangu anakupakia kwenye gari lake kila asubuhi, anakupeleka chuo, kumbe anakupeleka kwa hawara!"

"Wifi, wallahi sivyo..."

"Na mimi namtolea chai! Mimi mjinga namtolea chai getini!"

Akaitupa chupa ukutani. Ikapasuka, na chumba kizima kikajaa harufu nzito ya maua. Tumbo langu lilikuwa haliwezi kuvumilia hata harufu ya sabuni. Nilijaribu kuziba mdomo kwa mtandio, nikashindwa, nikainamia beseni nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Nilipoinua uso Wifi alikuwa amesimama juu yangu. Zuhura amezaa wanne. Mwanamke aliyezaa wanne haelezwi. Alinitazama macho, akanitazama shingo, akanitazama kifua, midomo yake ikicheza kama anayehesabu.

"Una mimba."

"Ndiyo, wifi."

"Ya miezi mingapi?"

"Miwili na nusu. Ya Karimu."

"Sijakuuliza ya nani." Akakaa kitandani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ya nani, Mayasa?"

"Ya Karimu, wifi. Wallahi ya Karimu."

"Miaka mitatu hukushika. Mama kule goti limeota sugu kwa kuomba, wewe hukushika. Umekwenda chuo na huyu, umeshika. Na umenificha! Mimi ningekuwa na habari kama hiyo, mtoto wa ndugu yangu niliyemzika, ningepiga kelele barabarani. Kwa nini umenificha?"

Kwa sababu ya mtihani. Hilo ndilo jibu, na nilipolifikiria mdomoni mwangu likawa dogo, la kitoto, halimfai mtu yeyote. Nilinyamaza. Na kunyamaza kwangu Wifi akakusikia vingine.

Hapo sauti ya Hénock ikatoka upande wa pili wa pazia. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, nakuomba, usimupige. Kama iko na mimba, haiko shida. Mutoto nitamulea. Nitamulea sawa mutoto wangu."

"Astaghfirullah," Mjomba akasema. Papa Firmin akamkaripia kwa Kifaransa. Wifi akatikisa kichwa polepole.

"Umesikia mwenyewe," akaniambia. "Anaidai."

"Hapana, mama, haiko vile! Mimi sijamugusa hata kidole!"

Nani angemsikiliza? Ule wema wake, wema niliompendea, ulikuwa umetoka kumvua mwanangu baba. Niliona yote mbele yangu kama yameshatokea. Nilimwona mtoto wa Karimu anakua Tanga, watu wanamtazama pua, wanamtazama masikio, wanatafuta Ukongo. Kila ugomvi wa kisimani na wa madrasa anatupiwa lile neno la mwanaharamu. Bibi yake mwenyewe anakataa kumpakata. Na baba yake yuko kaburini, hawezi kuinuka kusema huyu ni wangu. Aliyebaki wa kusema ni mimi tu.

"Mayasa," Mjomba akaita. "Vaa vizuri, mama, utoke. Shida hii imevuka pazia. Uje useme mwenyewe."

Nikajifunika, nikatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Hénock baada ya siku arobaini na tatu. Alikonda. Tai yake ilikuwa imekwenda upande, na nilitamani, Mungu anisamehe, kuinyoosha. Alinitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake inaungua.

Wifi alileta Msahafu, akauweka mezani, juu ya kitambaa safi. "Una udhu?"

Nikaenda nikatawadha, nikarudi. Nikaweka mkono.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu," nikasema, "mtoto huyu ni wa Karimu. Hakuna mwanamume mwingine aliyenigusa, kabla wala baada. Kama nasema uongo, nisione mwisho mwema."

"Basi," Mjomba akasema. "Kiapo kimeapwa, Zuhura. Mbele ya Mungu yameisha."

Wifi alikuwa analia. Nilimwona anataka kuniamini kama mwenye kiu anavyotaka maji, ila hawezi.

"Na moyo wako?" akaniuliza. "Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamume hapendi mwaka mzima bila kupewa hata tabasamu. Nikisema kwa mama huyu ni mtoto wa Karimu, kisha eda iishe uolewe na huyu, nani ataniamini? Mimi mwenyewe sitajiamini. Mwambie. Mwambie mbele yangu, nimsikie akiambiwa."

Nikautoa mkono wangu juu ya Msahafu. Niliutoa taratibu, nikaushusha pembeni ya buibui. Mjomba aliniona. Akageuza uso akatazama dirishani, na mpaka leo hajaniuliza.

"Hénock," nikasema, "nilikuonea huruma. Ulikuwa unakuja darasani umechoka, hujala, unasinzia wima. Nikakuonea huruma kama ninavyomwonea mgonjwa yeyote. Wewe ukadhani ni mapenzi."

"Mayasa..."

"Mimi nilikuwa na mume wangu, na niliyempenda ni yeye. Leo umekuja kumfedhehesha kaburini, umemfedhehesha na mtoto wake kabla hajazaliwa. Nani alikutuma? Nilikwambia lini uje?"

"Hukuniambia," akasema. "Ni kweli. Hukuniambia kitu."

"Basi usirudi. Usilete makaratasi, usiulize habari zangu kwa Jocelyne. Ukiniona njiani, vuka barabara."

Alisimama pale, mikono imening'inia. Alikuwa mtu mwenye mikono ya kazi siku zote, sikuwahi kuiona haina la kufanya.

"Niangalie," akasema. "Niangalie kwa macho, useme tena. Halafu nitaenda."

Nikapandisha macho. Yalikuwa macho yaleyale, mekundu kwa kukosa usingizi. Nikayatazama sawasawa, nikayatazama mpaka nikahakikisha ananiamini.

"Sikutaki."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, tatu, kama anayepokea maelekezo ya kazi. Kisha akamgeukia Wifi.

"Mama, unisamehe. Huyu haina kosa. Miye njo niliota ndoto ya batu bengine. Ni mwanamuke wa heshima sana. Mumulinde."

Papa Firmin akamshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa, akamtoa. Nilisikia geti likifungwa. Kile kitambaa cha maua kilibaki kwenye kochi, hakuna aliyethubutu kukigusa, mpaka Mjomba alipokikunja akakiweka chini ya kwapa lake.

Wifi alikuja akapiga magoti sakafuni, akalaza kichwa chake tumboni kwangu. Machozi yake yalipenya nguo nikayahisi ya moto.

"Nisamehe, wifi yangu. Shetani alinipanda. Nisamehe wewe, na huyu aliye humu anisamehe. Karimu amerudi. Ndugu yangu amerudi."

"Nimekusamehe, wifi."

"Kuanzia leo hushiki ufagio, huinami, husimami. Chuo basi. Eda yako sasa ni mpaka ujifungue, hutavuka hata kizingiti hicho."

"Zuhura," Mjomba akasema, "Sheikh alitoa ruhusa. Mtihani ni keshokutwa, na hukumu ni ileile, awe na mimba asiwe nayo."

"Sheikh hajui kuna mtoto wa Karimu hapa! Na huyo kijana si atakuwa hukohuko? Watu waseme nini? Mtihani upo kila mwaka, mjomba. Karimu hayupo kila mwaka."

Mjomba alinitazama akingoja nimpe nguvu ya kubishana. Nikatikisa kichwa. Unabishana vipi na mtu aliyetoka tu kukuamini? Uongo wangu ulikuwa bado mbichi, ukiusukuma kidogo unabomoka, na mwanangu yuko chini yake.

Wifi alikuwa ameshapiga simu Tanga, kaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Mama! Mama, kaa kitako kwanza. Umekaa? Mayasa ana mimba. Ya Karimu, mama. Ameapa kwa Msahafu, mimi mwenyewe nimemsikia. Karimu katuachia mtoto!"

Kule upande wa pili mama mkwe akapiga kelele, kelele ya uchungu iliyogeuka njiani ikawa furaha, na mara vigelegele vikaanza. Jirani mmoja akaitikia, wa pili akaitikia, nikasikia milango inafunguliwa, watoto wanauliza kuna nini, na Wifi huku naye akaweka mkono mdomoni akavipiga kwa nguvu zake zote, ndani ya nyumba ambayo siku arobaini na tatu haikusikia kigelegele.

Mimi nikaangua kilio. Sikukusudia. Kilinitoka chini kabisa, kilio ambacho sikulia siku ya maziko wala siku ya hitma, nikakaa sakafuni nikashika miguu ya kochi, nalia kwa sauti kama mtoto. Vigelegele vikapungua. Mjomba akatoka nje. Wifi akanishika mabega, akaanza kuniambia ninyamaze, si vizuri kwa mtoto.

"Mwacheni alie," mama mkwe akasema kwenye simu, na yeye analia. "Mwacheni, maskini. Anamlilia mumewe."

Hakuna aliyebisha. Na mimi sikubisha.